Ahame mchimbaji, asihame Chama

Ukimkuta Nyarugusu kijana ambaye wiki iliyopita alikuwa akichimba Mgusu, humuulizi kwa nini kahama. Jibu unalijua: kule mkanda wa dhahabu umekata, huku duara, yaani shimo, limetema. Habari za duara lililotema hazingoji mapambazuko. Zinakwenda kwa simu na kwa bodaboda, na jua likichomoza watu wameshafunga mizigo: wenye nyundo na moko, wenye karasha, mama ntilie na masufuria yao, muuza vocha, fundi viatu. Wenyewe wanaita rashi. Ukanda wote wa dhahabu wa Geita, ukiunganisha na Kahama, Msalala na Mwakitolyo upande wa Shinyanga, umejaa watu wa namna hiyo, ambao sifa yao kazini ni kujua saa ya kuondoka. Anayeng'ang'ania shimo lililokufa hasifiwi uaminifu. Anachekwa.

Sasa mwambie mtu huyohuyo kwamba mchezaji Clatous Chama naye aliona mkanda umekata Msimbazi kwa Simba, akahamia Jangwani kwa Yanga kulikotema. Kama ni wa Simba, atakutazama kama mtu aliyemtukania mama yake mbele ya wakwe.

Yanga ilimtangaza Chama Julai 1, 2024. Mkataba wake na Simba ulikuwa umekwisha. Hakutoroka kambini, hakusaini huku akiwa bado anadaiwa miezi kule, hakumburuza mtu kwenye kamati. Kwa sheria za mpira alikuwa mtu huru aliyemaliza zamu yake. Lakini siku ile, kuanzia vijiwe vya Katoro hadi stendi ya Kahama, hakuna aliyekuwa akizungumza sheria.

Uchungu ule ulikuwa na historia. Desemba 2018 Simba ilicheza na Nkana ya Zambia kuwania kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kule Kitwe Simba ilifungwa 2-1. Marudiano Dar es Salaam ikashinda 3-1, na bao la tatu, lile lililomaliza kazi zikiwa zimebaki dakika chache, Chama alilifunga kwa kisigino. Machi 16, 2019 akarudia dhidi ya AS Vita Club ya Kinshasa: sare ya 1-1, mpira unaelekea kwisha, Chama huyo, 2-1, Simba robo fainali. Tangu hapo aliitwa Mwamba wa Lusaka kwa sauti zaidi, na kwa watu wanaopasua miamba kutafuta riziki jina lile halikuwa dogo.

Agosti 2021 aliuzwa RS Berkane ya Morocco. Watu walinuna, lakini hakuna aliyemwita msaliti. Waliomlilia ndio waliomwombea heri, na aliporudi Januari 2022 alipokewa kama kijana aliyetoka ughaibuni na begi zito. Kumbe kuondoka si kosa. Kosa ni kuvuka barabara. Berkane ni mbali, haina shabiki Buseresere wa kukugongea mlango saa kumi na mbili asubuhi na kukusalimia "Mwangaluka" huku amevaa njano na kijani yenye jina la mtu wako mgongoni.

Kamba iko mkononi mwa mtani

Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita elfu moja. Mashabiki wengi wa huku hawajawahi kukanyaga Uwanja wa Benjamin Mkapa, wala kuliona jengo la klabu waliyorithishwa na baba zao. Simba yao na Yanga yao ziko ndani ya king'amuzi, kwenye kibanda umiza cha mabati chenye mabenchi ya mbao, jenereta likinguruma nje na mtu mlangoni akikusanya kiingilio. Mkataba wa Azam Media na TFF wa 2021, wa miaka 10 na thamani ya Sh225.6 bilioni, Dar uliandikwa kama habari ya biashara. Huku ulikuwa habari ya kijiji: ligi ya nyumbani iliendelea kukaa kwenye skrini pembeni mwa duka la mchele.

Shabiki wa namna hii hana chochote cha klabu mkononi isipokuwa jezi na sura za wachezaji. Hajui kikao, hajui kadi ya uanachama, hajawahi kumpigia kura kiongozi. Akitaja Simba, kichwani mwake inatokea picha ya mtu. Mtu huyo akihama, kinachobaki ni rangi. Nadhani ndiyo maana kishindo cha usajili kinasikika zaidi Runzewe kuliko Kariakoo, ambako angalau ukikasirika unaweza kwenda kusimama nje ya ofisi ukapiga kelele hadi upungukiwe pumzi.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo sisi waandishi wa meza za michezo hulisahau. Kikosi cha duara hakipangwi kwa timu. Anayekushikia kamba unaposhuka chini, anayepima kama matimba yamekaza, anayekuvuta juu hewa ikichafuka, anaweza kuwa wa Yanga na wewe wa Simba. Huwezi kumnunia kwa wiki nzima. Humo shimoni hasira ya mpira haina pa kukaa, kwa hiyo inageuzwa mzaha haraka sana, kabla ya zamu kuanza.

Hapo ndipo utani unapofanya kazi yake ya kale. Magazeti yanaziita Simba na Yanga watani wa jadi, na sisi tumeyatumia maneno hayo mpaka tumeyachosha, lakini kwa watu wa kanda hii utani ni taratibu yenye masharti. Mtani anaruhusiwa kukucheka msibani, anaruhusiwa kulizuia jeneza njiani mpaka apewe chochote, na wewe hupaswi kukasirika. Ukikasirika umeaibika zaidi yake. Julai ile ya Chama ilikuwa msiba wa aina hiyo. Watu wa Yanga walipita kutoa pole kwa sauti za huzuni ya uongo, wengine wakiuliza tanga litaanuliwa lini. Wenye msiba walitakiwa kucheka. Walicheka, kwa meno ya mbele tu.

Ukikaa kijiweni siku zile ungesikia hoja zikibadilika kwa saa. Asubuhi: picha hiyo imetengenezwa, Chama yuko Lusaka amelala. Mchana: sawa, kaenda, lakini kafuata hela. Jioni: kwanza alikuwa mzee, anatembea uwanjani, tulikuwa tunacheza kumi. Na usiku, mtu akishapata mbili tatu, linatoka la moyoni: kwa nini kule? Angekwenda Azam tungeelewa. Angekwenda hata Uarabuni. Wapo pia wasiokubali kabisa kwamba binadamu mwenye akili timamu anaweza kuamua jambo kama lile, na kwao maelezo pekee ni kwamba alilishwa kitu. Kanda hii haikosi mtaalamu wa kuthibitisha.

Jezi nayo ina safari yake. Yenye namba 17 na jina la Chama haichomwi. Nguo ni hela. Inashuka daraja. Inatoka kwenye mechi inaingia kazini, inapakwa tope la mialoni, anapewa mdogo wake mtu, na mwisho inafuta tangi la pikipiki. Kuchoma jezi ni anasa ya mjini. Haruna Niyonzima, nahodha wa Rwanda aliyeichezea Yanga tangu 2011, alipovuka kwenda Simba mwaka 2017, jezi namba 8 ilichomwa moto Dar es Salaam mbele ya kamera. Mwanzoni mwa 2020 Niyonzima akarudi Yanga. Waliochoma walilazimika kununua nyingine.

Shida ya wanaopokea

Tunaandika sana kuhusu wanaoachwa. Sijaona mtu akiwahurumia wanaopokea, na hao kazi yao ni ngumu kwa namna ya kuchekesha.

Fikiria mshabiki wa Yanga wa pale Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Kwa miaka sita amejenga hoja dhidi ya Chama. Ameeleza kwa nini hakabi, kwa nini anang'ara dhidi ya timu dhaifu tu, kwa nini mwamuzi anampendelea. Hoja hizo zimemgharimu jasho na hata bia kadhaa alizoweka rehani. Julai 1 saa fulani zote zinakuwa takataka. Inabidi aamke kesho yake awe wakili wa mtu aliyekuwa akimshitaki. Na mtani wake wa Simba anayakumbuka maneno yote, moja baada ya jingine, kwa tarehe.

Wengi hutoka kwenye mtego huo kwa mlango mmoja: "Nilikuwa nasema vile kwa sababu namwogopa." Ni jibu zuri. Linamsifu mchezaji, linamsamehe msemaji, na linamwacha mtani bila pa kushika. Lakini linahitaji mchezaji afanye kweli uwanjani, na Chama wa Jangwani hakuwaka kama Chama wa Msimbazi. Yanga ilichukua ubingwa wa 2024/25, wa nne mfululizo, huku yeye akiwa mmoja kati ya wengi. Katikati ya 2025 akaelekea Singida Black Stars. Watu wa Simba wakasema walijua. Watu wa Yanga wakakumbuka ghafla kwamba alikuwa mzee.

Wenye umri mkubwa kidogo wanalipokea jambo hili kwa utulivu, kwa sababu wameona mengi. Wameona Juma Kaseja, kipa waliyemlea Msimbazi, akivaa ya Yanga, akirudi Simba, akienda tena Yanga mwishoni mwa 2013, na Desemba mwaka huohuo akisimama langoni Simba ikishinda 3-1 kwenye ile mechi ya Nani Mtani Jembe. Mmoja wa waliomsumbua siku ile ni Mrundi Amissi Tambwe, mfungaji bora wa ligi msimu huo akiwa na Simba. Mwaka mmoja haukupita vizuri, Tambwe naye yuko Jangwani, na huko akawa mfungaji bora tena msimu wa 2015/16. Wameona Ibrahim Ajibu akienda na kurudi. Wamemwona Jonas Mkude, aliyekulia Simba tangu kikosi cha vijana, akivuka 2023.

Na wamemwona Haji Manara. Huyo hakuwa mchezaji, alikuwa msemaji, na kwangu mimi kuvuka kwake Agosti 2021 kulikuwa na maana kubwa kuliko kwa winga yeyote, maana ndiye aliyekuwa akiwafundisha watu wa Simba jinsi ya kuwatukana Yanga. Maneno waliyokuwa wakiyatumia vibandani yalikuwa yake. Akaondoka nayo. Waliosoma historia walikumbushana kwamba baba yake, Sunday Manara, alikuwa nyota wa Yanga, hivyo mtoto karudi kwao. Hilo lilisaidia kidogo. Damu ni kisingizio kinachokubalika Usukumani kuliko mshahara.

Bernard Morrison ni hadithi ya peke yake. Machi 8, 2020 Mghana huyo aliifungia Yanga bao pekee dhidi ya Simba kwa mpira wa adhabu, Rais John Magufuli, mtu wa Chato, akiwa jukwaani. Agosti mwaka huohuo akavaa nyekundu ya Simba. Yanga ikasema ana mkataba nasi, yeye akasema sijasaini, kamati ya TFF ikampa haki yeye, na kesi ikapelekwa mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Uswisi. Ghafla watu ambao hawajawahi kumwona hakimu wa mwanzo wa Katoro wakawa wanajadili mamlaka ya Lausanne. Yanga ilishindwa kesi mwishoni mwa 2021. Miezi michache baadaye, katikati ya 2022, Morrison akasaini tena Yanga, akapokewa kwa shangwe. Kesi ya nini, basi? Mpaka leo hakuna aliyenijibu vizuri.

Miguu ya mtazamaji

Wasukuma walikuwa na ushindani wa pande mbili kabla ya mpira wa miguu kuingia Tanganyika. Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma ambavyo simulizi huviunganisha na majina ya waasisi wao, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi mawili hukutana uwanja mmoja, kila moja na manju wake, kila moja na dawa zake, yanacheza kwa wakati mmoja mbali kidogo na mwenzake. Hakuna refa mwenye filimbi. Watazamaji wanatembea huku na huku, na kundi litakalozungukwa na umati mkubwa zaidi ndilo limeshinda. Ndiyo maana wachezaji wamekuja na kila mbinu ya kuvuta macho, ikiwemo chatu hai shingoni. Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, mashindano hayo bado yanaonekana kwenye sherehe za Bulabo kila mwezi Juni.

Katika ngoma ile mwenye uhuru wa kuhama ni mtazamaji. Manju anatokwa jasho kumbakiza. Mtazamaji akichoshwa na Wagalu anavuka hatua hamsini kwenda kwa Wagika, na hakuna atakayemfuata nyumbani kumuuliza. Mpira wa Simba na Yanga umeligeuza jambo hilo kichwa chini. Mchezaji anahama, kocha anahama, msemaji anahama, mdhamini anahama, na aliyefungwa miguu ni yule pekee ambaye halipwi. Shabiki wa Simba akihamia Yanga kwa sababu Chama kaenda huko, hatatukanwa kama Chama. Atachukuliwa kuwa amepungukiwa. Mimi sijawahi kukutana na mtu wa hivyo, si Geita, si Shinyanga, si popote. Wanabadili dini, wanabadili chama cha siasa kabla ya uchaguzi na kurudi baada yake, wanahama kijiji kwa rashi, lakini hili hapana.

Ndiyo sababu mabishano ya vibandani kuhusu Feisal Salum yalikuwa makali na ya maana kuliko yote. Desemba 2022 Fei Toto aliamua kuondoka Yanga, akaingiza kwenye akaunti ya klabu Sh112 milioni akisema ndiyo bei ya kuvunja mkataba wake. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni wa Yanga. Akakaa nje, miezi ikapita, hadi Juni, Yanga ilipotoka kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kualikwa Ikulu, Rais Samia Suluhu Hassan akaomba jambo hilo limalizwe. Siku chache baadaye Fei akauzwa Azam.

Hapa wachimbaji waligawanyika, na hawakugawanyika kwa rangi. Wengi wao hufanya kazi bila mshahara. Wapo chini ya tajiri anayewalisha, anayenunua matimba na kukodi pampu, na malipo yao ni mgao wa mifuko siku duara likitema. Ukiondoka katikati, mgao huna, hata kama jana yake uliufikia mwamba kwa nyundo yako. Kwa hiyo walikuwepo wa Simba kabisa waliosema Fei akae amalize, tajiri kamlisha. Na walikuwepo wa Yanga waliosema kwa sauti ya chini kwamba mtu akirudisha gharama za tajiri na bado anazuiwa, huo si mkataba. Niliwahi kusikia hoja za sheria za kazi zikijengwa vizuri vile mara chache sana, na hazikuwa na maikrofoni.

Timu za nyumbani

Sasa niseme jambo litakalonikosanisha na baadhi ya wasomaji wa Shinyanga. Kanda hii imekuwa na timu zake kwenye Ligi Kuu, na zilipokuwa zikibomolewa machozi yalikuwa machache.

Stand United ilizaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga, mikononi mwa vijana wa stendi, wapiga debe na mawakala wa tiketi. Ikaitwa Chama la Wana. Ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ikaijaza CCM Kambarage, ikapata udhamini wa kampuni ya dhahabu ya Acacia. Kisha 2016 viongozi wakagawana pande mbili kugombea nani mwenye timu, na mdhamini akaondoka. Wachezaji walitawanyika. Timu ilijikokota hadi ikashuka 2019. Hata hivyo ilikuwa na siku zake: Septemba 2018 Mrundi Alex Kitenge aliifunga Yanga mabao matatu peke yake Dar es Salaam na bado Stand ikalala 4-3, na Januari 2019, Kambarage, ikaifunga Yanga 1-0, kipigo cha kwanza cha Yanga kwenye ligi msimu ule. Siku hiyo wapo watu waliozaliwa Shinyanga, wanaokaa Shinyanga, waliotoka uwanjani wamenuna.

Mwadui ilikuwa na mgodi wa almasi uliofunguliwa na John Williamson mwaka 1940, uwanja wake ndani ya eneo la mgodi, na timu iliyokaa Ligi Kuu kuanzia 2015 hadi 2021. Ilishuka bila kelele.

Geita Gold inauma zaidi kwa sababu ilipanda juu kwa kasi. Timu ya Halmashauri ya Mji, yenye udhamini wa mgodi wa GGML, iliingia Ligi Kuu 2021/22 na kumaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza chini ya Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga. Mshambuliaji wake George Mpole alifunga mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, akatwaa kiatu cha ufungaji bora. Mfungaji bora wa nchi alikuwa akicheza mpira Nyankumbu, kwenye shule ya wasichana! Kisha akaenda FC Lupopo, Lubumbashi. Nani alilia? Nani alivua jezi? Hata hasira haikuwepo, na kwangu ukosefu wa hasira ulisema zaidi ya moto wa jezi kumi.

Mwingine alikuwa Saido Ntibazonkiza, nahodha wa Burundi aliyekuwa ameachwa na Yanga 2022. Alikaa Geita nusu msimu tu. Desemba akasajiliwa Simba, na Juni 2023 akaifungia mabao matano katika mchezo mmoja dhidi ya Polisi Tanzania, akamaliza msimu na mabao 17 sawa na Mayele. Mabao yake ya Geita yamo ndani ya hesabu hiyo. Nyekundu iliona mchezaji kapatikana, njano ikaona mchezaji kapotea, na Geita, iliyomfufua, ikaonekana kama stendi ya kubadilishia basi. Mwaka uliofuata, 2024, ikashuka daraja.

Watu wa huku huniambia mapenzi hayalazimishwi, Simba na Yanga walizikuta kwa baba zao, Geita Gold imekuja juzi. Ni kweli. Lakini kuna maelezo mengine ninayoyaona karibu zaidi na ukweli. Dhahabu ya Geita inachimbwa ikijulikana kuwa itaondoka. Soko la madini lililofunguliwa mjini hapo Machi 2019, la kwanza nchini, ni mahali pa kuipima na kuiaga. Kizazi kizima kimezoea kwamba kizuri kikitoka ardhini kwao kitakwenda mjini, na mchezaji mzuri ameingizwa kwenye kapu hilohilo bila mtu kutangaza. Chama, ambaye hakuwahi kuwa wao, anaweza kuwaumiza. Mpole, aliyekuwa wao, aliondoka kama kilo nyingine.

Ya Tshabalala

Mtihani wa mwisho ulikuja 2025. Mohamed Hussein, Tshabalala kwa wengine, Zimbwe Jr kwa wengine, aliingia Simba 2014 akitoka Kagera Sugar. Beki wa kushoto, nahodha, mtu wa misimu 11. Mei mwaka huo aliiongoza Simba kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Berkane. Juni 25 Yanga ikashinda 2-0 ile mechi ya watani iliyokuwa imeahirishwa tangu Machi na kuutwaa ubingwa. Kisha Simba ikaachana na nahodha wake, na Yanga ikamchukua.

Kwa Chama kulikuwa na majibu: ni mgeni, ni mzee, ni hela. Kwa Tshabalala majibu hayo hayakufaa. Si mgeni. Watani wa Yanga kwa mara ya kwanza walikuwa wapole, labda kwa sababu hata wao walishtuka. Nilichokisikia zaidi huku hakikuwa matusi kwa mchezaji. Kilikuwa lawama kwa viongozi. Wazee walitaka kujua ni tajiri gani anayemwacha fundi wa miaka 11 aende kwa jirani bila kumwita kwanza mezani.

Hasira haikupata nafasi ya kukomaa, kwa sababu Agosti 2 michuano ya CHAN ilianza na Tanzania ikiwa mwenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Taifa Stars na Burkina Faso, Benjamin Mkapa. Habari za Tshabalala na Jangwani zilikuwa bado za moto vijiweni. Abdul Suleiman Sopu akafunga la kwanza kwa penalti. Kipindi cha pili krosi ikaingia, na aliyepanda nayo akafanya 2-0 ni beki wa kushoto mwenyewe. Mabenchi ya kibanda yakapinduka, wekundu wakakumbatiana na njano, mtu akamwaga chai ya mwenzake na hakuna aliyeuliza nani atalipa. Mpira ulipowekwa tena katikati, mmoja wa nyuma akapaza sauti kwamba hilo ni bao la Yanga. Aliyekuwa amemkumbatia akamwachia, akamjibu kwamba kichwa kile kalelewa nacho Msimbazi, na kama anabisha atoe elfu kumi hapo mezani. Zilitolewa pande zote mbili, akakabidhiwa mwenye kibanda azishike, na mechi ilipokwisha bado walikuwa hawajakubaliana ni nani wa kuamua.